Mvi Zangu na Fedha za Siku Arobaini



Jumamosi iliyopita nilishuka soko la Kadutu kununua sambaza. Nikasimama mbele ya meza ya msichana mmoja, nikauliza bei, nikalalamika kidogo kama ilivyo desturi, ndipo yule msichana akaniambia: «Mzee, kwa sababu ni wewe, nakuongezea kidogo.» Nikageuka nyuma kumtazama huyo mzee mwenye bahati. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, ila mbuzi mmoja aliyekuwa akila majani ya kabichi. Kumbe mzee ni mimi.

Nina miaka 38. Bwana wetu Yezu alipoanza kuhubiri alikuwa na miaka kama 30, wala sioni mahali katika Injili palipoandikwa kwamba wauza samaki wa Galilaya walimwita mzee. Walakini nilinyamaza, nikapokea nyongeza yangu. Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa kinyozi. Akaniuliza kwa heshima: «Mwalimu, hizi nyeupe tuziache, au tuzitie rangi?» Aliposema «hizi», nilijua kwamba si moja.

Na mji wetu wa Bukavu haumfichii mtu umri wake. Umejengwa juu ya vilima na juu ya rasi zinazoingia ziwani, na ukitaka kwenda popote, kwanza utashuka, kisha utapanda. Zamani nilipanda kutoka Nyawera huku nikiimba nyimbo za seminari. Siku hizi napanda kimya, na katikati ya njia nasimama kutazama uzuri wa ziwa. Wanafunzi wangu wameshatambua kwamba napenda sana uzuri wa ziwa. Mmoja ameanza kunibebea madaftari.

Katika seminari mwalimu wetu wa Kilatini alitufundisha kwamba neno «senatus», yaani baraza la wakuu wa Roma, latoka katika neno «senex», maana yake mzee. Basi nilijifariji: kama mvi zimekuja, busara nayo imo njiani. Nilijisifu hasa kwa jambo moja, nikisema kwamba sasa nina pua ya kuwanusa wadanganyifu wa fedha. Leo nataka kuwasimulia habari ya pua hiyo, ingawa haitaniletea sifa.

Nianze na pua iliyo bora kuliko yangu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alizaliwa mwaka 1950, na kwa muda mrefu wa maisha yake aliuza ndizi na maharagi. Siku moja nilikuwa nyumbani kwake, simu yake ikalia, ukaja ujumbe kwamba franka 50.000 zimeingia katika mfuko wake wa simu. Kabla sijamaliza kumsomea, mtu akapiga. Sauti ilikuwa ya kijana mpole sana: «Mama, samahani, nimekosea namba. Hizo ni fedha za dawa za mtoto wangu aliyelazwa. Nirudishie upesi, Mama, Mungu atakubariki.»

«Pole, mwanangu,» akajibu Shangazi. «Mtoto amelazwa wapi?»

Yule kijana akataja hospitali.

«Chumba gani? Jina lake nani? Nina jirani anayefanya kazi huko. Nitakwenda naye sasa hivi, dawa nitamlipia mimi mwenyewe.»

Simu ikakatika. Shangazi akaiweka mezani, akaendelea kuchambua sombe yake. «Mtoto amepona,» akasema.

Nikatazama salio lake: halikuongezeka hata franka moja. Ndivyo hila hiyo ilivyo, na yafaa kila mmoja aifahamu. Ule ujumbe haukutoka katika kampuni ya simu. Uliandikwa na yule kijana mwenyewe, akiiga maneno ya kampuni, akautuma kwa namba yake ya kawaida. Ujumbe mtu yeyote aweza kuuandika, lakini salio hawezi. Basi usisome ujumbe, tazama salio. Na hata kama fedha zimeingia kweli kwa kosa, aliyekosea na aende kwa kampuni yake, nayo itazirudisha kwa njia yake. Namba ya siri nayo usimpe mtu, hata kama anayeiomba ana sauti kama ya Askofu.

Sasa nije kwangu. Mwanzoni mwa mwaka 2024, jirani na barabara ninayopita kwenda shule, lilifunguliwa duka lisilouza kitu. Palikuwa na meza, viti vipya, vijana wawili waliofunga tai, na kitambaa kikubwa ukutani. Walisema: leta fedha zako, baada ya siku 40 utapata mara mbili. Siku arobaini, kama Kwaresima! Jambo hilo lilinipendeza. Tena wa kwanza walilipwa kweli. Nilimwona kwa macho yangu mwalimu mwenzangu akihesabu noti zake mlangoni.

Katika shirika letu la parokia tuna MUSO, chama cha kuweka na kukopeshana. Sanduku letu lina makufuli matatu, na funguo tatu zakaa kwa watu watatu, ili mmoja asiweze kulifungua peke yake. Ndani mna mfuko wa kijani, wa kukopeshana, na mfuko mwekundu, wa misiba na magonjwa. Mimi nashika ufunguo mmoja kwa sababu ni mwandishi wa chama. Wa pili ni wa Shangazi. Siku hizo mfuko wa kijani ulikuwa na dolari 640, nami nilishapiga hesabu yangu usiku kitandani.

Nikamwendea Shangazi. Nikamweleza kwamba tukitoa dolari 600 Jumatano ya Majivu, kabla ya Pasaka tutakuwa na 1.200, na wajane wa shirika watatushukuru.

«Wanauza nini?» akauliza.

«Hawauzi kitu, Shangazi. Wanazungusha fedha.»

«Wanazizungushia wapi?»

«Ng'ambo. Kwenye mtandao.»

«Nani amewaona wakizungusha?»

Nikanyamaza. Akaongeza: «Mtu mwenye kuku atagaye mayai mawili kila siku hapiti mlangoni kwa mwalimu kuomba yai.»

Mimi nilisoma falsafa, wasomaji wapenzi, nikafundishwa jinsi ya kuwajibu wazushi. Sikupata jibu. Basi nikafanya kama wanavyofanya wasio na jibu, nikakasirika. Nikamwambia kwamba wazee wanaogopa kila jambo jipya, na ndiyo maana nchi haiendelei. Shangazi akasema ufunguo wake umepotea. Ulikuwa umening'inia shingoni mwake pamoja na medali ya Bikira Maria, tukiutazama sote wawili.

Kisha akanisimulia. Siku ya Noeli ya mwaka 1979, Serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazifai tena, na kwamba watu wana siku chache tu za kuzibadilisha. Shangazi alikuwa mwanamke wa miaka 29. Mtaji wake wote wa maharagi ulikuwa katika kopo la maziwa, na karibu wote ulikuwa noti za namna hizo mbili. Akatembea hadi mjini, akasimama katika mstari tangu alfajiri, siku ya kwanza, siku ya pili. Zamu yake haikufika. Zile noti aliwapa watoto wachezee, na mmoja wa watoto hao, asema, alikuwa mdogo wake baba, ambaye hata leo hajui kutunza fedha.

Tangu hapo watu wengi hawakupenda tena kuweka akiba ya fedha za nchi. Na waliyoyaona baadaye hayakuwaponya. Mwaka 1993 ilikuja zaire mpya, na moja ilikuwa sawa na zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 ikaja franka, na moja ilikuwa sawa na zaire mpya 100.000. Zidisheni wenyewe: franka moja ilimeza zaire za zamani miliari 300! Mtu aliyeona akiba yake ikioza hivyo, akija mwingine na kumwambia «zitakua badala ya kuoza», masikio yake yatafunguka. Sisemi ni ujinga. Ni njaa ya mtu aliyekwisha kuibiwa.

Ndivyo ilivyotokea Kinshasa mwaka 1991. Bei zilikuwa zikipanda juma kwa juma, na hapo likaja shirika lililoitwa Bindo Promotion, likaahidi kuzidisha fedha za watu kwa muda mfupi. Wengine wakaliiga. Watu waliuza magari na nyumba zao ili waingie, wenye vyeo pamoja na wadogo. Wa kwanza walilipwa. Kisha mambo yakavunjika mwaka huo huo, na wengi sana wakabaki na karatasi mkononi. Shangazi alizisikia habari hizo kwa wafanya biashara waliorudi huku kwetu kutoka Kinshasa. «Nao,» akasema, «walikuwa na viti vipya.»

Sikusikia. Jumatano ya Majivu, tarehe 14 Februari, niliingia katika lile duka na dolari 60 zangu mwenyewe, na majivu yangali kwenye paji la uso. Tazameni nilivyokuwa: nimetoka kuambiwa kwamba mimi ni mavumbi, na bado nafikiri nina akili kuliko mwanamke aliyesimama katika mstari wa mwaka 1979.

Siku ya arobaini iliangukia Jumatatu ya Juma Takatifu. Nikaenda. Vijana wangali na tai zao, lakini sasa kiti kimoja tu. Wakaniambia malipo yameahirishwa kidogo. Nikileta watu wawili wapya, nitalipwa wa kwanza. Hapo ndipo nilipofahamu. Fedha za mwalimu mwenzangu niliyemwona mlangoni zilikuwa zangu mimi, na fedha zangu zingetoka kwa hao wawili. Ni kama kijiji ambamo mtungi wa kwanza wajazwa kwa maji ya mtungi wa pili, na wa pili kwa maji ya wa tatu, wala hakuna hata mmoja aendaye kisimani.

Hila hiyo si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1920, katika mji wa Boston huko Marekani, Mwitalia mmoja jina lake Charles Ponzi aliahidi faida ya nusu nzima kwa siku 45, ati kwa biashara ya hati za posta. Maelfu walimletea fedha. Mwaka huo huo alikamatwa, na mwaka 1949 akafa maskini katika hospitali huko Rio de Janeiro. Na ndugu zetu wa Tanzania walikuwa na DECI, ambayo Serikali yao iliisimamisha mwaka 2009. Huko hawakusema kuweka fedha, walisema «kupanda mbegu», na waliohubiri kupanda huko walikuwamo wachungaji. Jihadharini na anayechukua maneno ya Injili kwenda nayo sokoni. Hata mimi nilivutwa na Kwaresima.

Baadaye niliwaandikia wanafunzi wangu hesabu ubaoni. Mtu mmoja alete watu 10, na kila mmoja wao alete 10, na vivyo hivyo. Tukaandika: 10, 100, 1.000, 10.000, 100.000, milioni 1, milioni 10, milioni 100. Hatua nane tu, na tumekwisha kuwaingiza watu karibu sawa na wote wa Kongo nzima. Mvulana mmoja akainua mkono: «Mwalimu, na watoto wachanga wataingia?» Nikamjibu ndiyo, nao watadaiwa. Msichana wa nyuma akauliza: «Na wewe uliingia, Mwalimu?» Darasa likanyamaza. Nikasema: «Niliingia.» Sikumbuki siku nyingine waliponisikiliza vizuri namna ile.

Lakini hayo yalikuja kwa kuchelewa, na hapa ndipo habari yangu inapouma.

Tangu Jumatatu ile Takatifu nilijua. Nilikwenda Misa ya Alhamisi, nikabusu Msalaba Ijumaa, nikaimba Aleluya usiku wa Pasaka, wala sikumwambia mtu neno. Niliona haya. Mwalimu, mtu wa Kilatini, mwandishi wa chama, nawezaje kusema kwamba nimeibiwa na watoto wawili wenye tai? Katika mkutano wa shirika mtu aliniuliza kama lile duka ni la kweli, nikacheka tu, nikasema «tutaona». Shangazi alinitazama. Hakusema kitu, labda alikuwa akinisubiri niseme mwenyewe.

Katika shirika letu yumo mama mmoja mjane, muuza sambaza. Juma la pili baada ya Pasaka alichukua dolari 80 alizoweka kwa ajili ya ada ya shule ya watoto wake, akaziingiza katika duka lile. Siku chache baadaye mlango ulifungwa, viti na vijana wakatoweka. Nilipokwenda kumpa pole, nilimwuliza kwa nini hakuuliza mtu kwanza. Akanijibu pasipo hasira: «Nilikuona wewe ukiingia, Mwalimu. Nikasema, yule amesoma.»

Dolari 60 zangu ziliibwa na wale vijana. Zake ziliibwa na wao kwa msaada wa kimya changu. Sikuweza kuigawa hesabu hiyo kwa namna nyingine, ingawa nilijaribu.

Nilipokuwa seminarini nilikipenda Kitabu cha Tobiti kwa ajili ya malaika, na samaki, na mbwa afuataye nyuma. Siku hizi nakisoma kwa ajili ya mzee Tobiti. Kipofu yule aliweka talanta 10 za fedha kwa Gabaeli, huko Rage katika nchi ya Media, na hati yao ilikatwa vipande viwili, kila mmoja akashika chake. Baada ya miaka 20 fedha zilikuwa pale pale, mihuri ya mifuko haikuvunjwa. Tena alipoletewa mtu wa kumsindikiza mwanawe, mzee hakusema karibu tu. Alimwuliza ukoo wake na kabila lake. Na aliyeulizwa alikuwa Rafaeli! (Kweli, malaika alijitaja kwa jina jingine, jambo ambalo Padri wetu wa Maandiko Matakatifu alilieleza saa nzima, nami sikulishika.) Malaika hakukasirika kwa kuulizwa. Wale vijana wa tai, ulipowauliza neno, walikasirika mara moja, wakasema nafasi zinakwisha leo.

Basi mwezi wa Juni mwaka 2024 nilikwenda tena kwa yule mama, nikamwambia yote: Jumatatu ile, na kicheko changu, na «tutaona» yangu. Nikamwambia nitamletea dolari 5 kila mwezi mpaka zifike 80. Alifikiri kidogo. Nilitumaini atasema «acha, Mwalimu, ni mapenzi ya Mungu». Akasema: «Vema. Uandike.» Nikaandika katika ukurasa wa daftari, tukautia sahihi wote wawili, kisha yeye, ambaye sidhani amewahi kukisoma Kitabu cha Tobiti, akaupasua ukurasa katikati, nusu akanipa.

Nilimletea mara nane. Halafu Februari 2025 vita viliingia mjini mwetu, banki zikafunga milango, na mshahara ukakwama. Nilikosa miezi mingi. Kila nilipokutana naye njiani nilitamani kuvuka barabara, na mara moja nilivuka. Yeye hakunidai hata siku moja. Na siku zile za dhiki simu zetu zilijaa sauti nyingine zenye upole, zikiahidi kutuzungushia fedha tulizoshindwa kuzitoa. Safari hii nilisimama shirikani, nikasimulia habari yangu yote tangu majivu hata viti. Walicheka sana, hasa Shangazi. Baadaye watu watatu walinijia kwa siri, mmoja mmoja, kuniambia kwamba nao walikuwa katika lile duka.

Jumamosi iliyopita, nilipotoka sokoni, nilipanda kwa yule mama na dolari 5 za mara ya kumi na tano. Msichana wa sambaza aliyeniita mzee ni binti yake. Mama akazihesabu, ingawa ilikuwa noti moja tu, akaigeuza mwangani kutazama kama ni ya kweli, akaleta nusu yake ya ukurasa. Nikatoa yangu, tukaziunganisha juu ya meza, nikatafuta mahali pa kuandika. Niliisogeza karatasi mbali, nikaisogeza karibu, nikaisogeza mbali tena.

«Imebaki mara moja, Mwalimu,» akasema. «Ukiimaliza, ununue miwani.»